Kichwa cha Jodari Kilichofika Mwatate

Kwa Mzee Samuel,
Nyuma ya kanisa,
Mwatate, kupitia Voi.

Tarehe 6 Oktoba, 2024

Mpendwa kaka yangu Donald,

Kwawuka mana, kaka? Nimeanza na salamu ya nyumbani kwa sababu huko Ushelisheli sidhani kuna mtu wa kukusalimu hivyo ukiamka. Habari ya afya yako? Habari ya mgongo, bado unakuuma wakati wa baridi? Kwenye meli mnalala vizuri au ni kulala kwa zamu? Na chakula je, unakula ukashiba? Usinicheke, mimi nikimfikiria mtu aliye mbali huwa nafikiria kwanza kama amekula.

Mimi mzima. Griffin, ambaye sasa ni mume wangu, mzima, bado anaendesha boda hapa stendi, na bado anajiona anajua kila kitu. Mama yuko, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda kilima kwenda shambani. Habari za Baba nitakupa, lakini wacha nianze na nyepesi nipate nguvu.

Mtoto wangu hujamwona. Anaitwa Wakio, jina la mama yake Griffin, na ameanza kutembea. Hatembei bila kushika fimbo ya Baba. Ile fimbo ni ndefu kumliko, anaikokota nyumba nzima, akigonga nayo mlango wa Baba, na Baba anajifanya anashtuka. Ana paji la uso kama lako, kaka. Mama ndiye aliyeona. Alimtazama siku moja akiwa amelala, akasema, "Huyu mbona ni Donald?" kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Shamba halijatupa kitu mwaka huu. Mahindi yalichomwa na jua yakiwa yanatoa mbelewele, na mihogo iliyobaki ndovu walipita nayo. Walivunja na bomba la maji, sasa tunachota kule chini kwa kanisa. Hayo tumeyazoea, siyo yaliyonifanya niandike.

Kaka, Baba ni mgonjwa na hatapona.

Nimeandika hivyo moja kwa moja kwa sababu nikizungusha nitalia na karatasi italowa. Lilianza koo. Tulisema ni vumbi la mkonge, si unajua miaka aliyofanya kazi kiwandani pale, kila mzee wa mkonge anakohoa. Akakohoa, sauti ikakauka, chakula kikawa kinakwama. Voi wakatutuma Mombasa. Daktari wa Mombasa alikuwa msichana tu, labda rika langu. Alitazama picha, halafu badala ya kuongea akamshika Mama mkono. Hapo nikajua. Alisema uvimbe umeshashuka mpaka ndani, tumrudishe nyumbani, tumpe chochote kitakachopita.

Kinachopita ni uji mwepesi, na ndizi mbivu iliyopondwa mpaka iwe kama maziwa. Shangazi Alice huzileta mwenyewe kutoka Mboghoni. Anasema za sokoni Mwatate hazijui kuiva.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nane, mchana mmoja nilikuwa namlisha Baba pale uani, akaniondolea kijiko. Sauti yake siku hizi ni kama majani makavu, lazima uiname. Akasema, "Nataka nimwone huyo samaki."

Nikamwuliza, "Samaki gani, Baba?"

"Wa Donald."

Kaka, najua unakumbuka kuliko mimi. Mimi nilikuwa msichana wa shule, lakini niliona. Krismasi ile ulikuja kutoka Shimoni na jodari mzima kwenye kasha la barafu, umevaa shati jipya, wageni wamejaa uani. Ukamfungulia Baba uone atasemaje. Naye alikuwa bado na uchungu kwamba amekuombea kazi ya mkonge ukaikimbia, ukaenda kuwashikia wageni fimbo za kuvulia. Akasema nyama ya maji haijui. Akamshika jodari mkia, akawatupia mbwa, mbele ya watu. Ulichukua kasha lako ukaondoka, barafu ikidondoka njiani mpaka barabarani. Mbwa walikula, na sisi tukala pilau. Tangu siku hiyo hatujasikia sauti yako.

Basi Baba alitaka kumwona. Siyo sokoni, alikataa. Alitaka kumshika mwenyewe, kule kule ulikokuwa wewe. Mama alisema haendi mtu. "Utafia kwenye maji, Baba Donald!" Baba akamtazama akasema, "Na hapa je?" Mama akaingia jikoni.

Griffin alimtafuta Kapteni Mbwana, yule wa boti uliyofanyia kazi, mpaka akampata. Kapteni alisema ndiyo kwanza jodari wanaanza kuingia, wageni wa hoteli bado ni wachache, boti itatoka, na kuhusu malipo tusimtukane. Alisema, "Baba yake Donald hakodi boti kwangu." Kumbe ulipendwa huko, kaka. Nilifurahi mno kusikia.

Tulienda watu wanne: Baba, mimi, Griffin na Shangazi Alice. Wakio alibaki na Mama. Katika sisi wote hakuna aliyewahi kupanda hata mtumbwi wa Ziwa Jipe. Griffin njia nzima alikuwa akitueleza jinsi samaki anavyovutwa, ameona kwa simu. Shangazi alikuja amejitwika mkungu mzima wa ndizi, zawadi ya nahodha, kwa sababu hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Asubuhi tulipofika gatini Kapteni alisalimu vizuri, akamshika Baba mikono miwili. Halafu akaona mkungu. Uso ukabadilika.

"Mama, hiyo haipandi."

"Haipandi nini?"

"Ndizi. Kwenye boti ya mshipi ndizi haipandi. Ni mkosi, samaki hawali."

Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Ndizi ya Mboghoni? Kwani imeiba nini?"

Vijana wa boti walicheka mpaka wakashikana, lakini Kapteni hakucheka. Wewe unaijua hiyo desturi, labda hata uliwahi kuwavua wageni ndizi mifukoni. Sisi tungejuaje? Mkungu ukaachwa gatini kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Shangazi akapanda boti amenuna, amejifunga leso mbili. Mimi nilijua kuna kitu chini ya hiyo leso, nikanyamaza, kwa sababu nilijua ni cha nani.

Kaka, bahari. Wewe umezoea. Mimi nilifikiri ni kama bwawa kubwa. Tulipopita kile kisiwa cha Wasini maji yakawa meusi, boti ikawa inapanda na kushuka, na Griffin, yule mwalimu wetu, akatapika wa kwanza. Nikafuata mimi, kisha Shangazi huku akimwita Yesu kwa Kidawida chetu. Baba hakutapika. Hakuwa na kitu tumboni cha kutapika. Walimkalisha kwenye kile kiti cha nyuma cha mvuvi, wakamfunga mkanda, na mkanda ukawa mkubwa kwake, Shangazi akavua leso moja wakamzungushia nayo ili asichomoke.

Jua lilipanda, tukazunguka, chambo kinakokotwa nyuma, hakuna kitu. Vijana wakaanza kuangaliana. Baba alikuwa anatetemeka. Nilimwambia Kapteni turudi, akasema turudi, lakini Baba akatikisa kichwa.

Kapteni akamwinamia. "Mzee wangu, mwanao alikuwa akikaa hapo hapo ulipokaa, wageni wakichoka. Alikuwa akiniambia, iko siku nitamleta mzee wangu hapa."

Baba alipapasa mkono wa kile kiti. Halafu akasema, "Basi nimejileta."

Nimekuandikia maneno hayo kama alivyosema, sijaongeza.

Ilipofika saa ya chakula chake Shangazi alifungua leso. Ndizi zilikuwa tatu, zimeshapondeka kwa joto la tumbo lake. Akaziponda na kijiko kwenye kikombe, mbele ya Kapteni, bila kujificha tena, akamtazama kama anayengoja kutupwa majini. Vijana wakaacha kucheka. Kapteni aliangalia Baba akipewa ile ndizi, jinsi anavyomeza kidogo, anapumzika, anashika koo, anameza tena. Akavua kofia yake akamkinga Baba jua mpaka kikombe kikaisha.

Na kaka, nilikuwa bado nimeshika kikombe, ndege wakashuka. Wengi, weupe, wanalia, maji yanachemka chini yao. Kile kigurudumu cha mshipi kikapiga kelele kama kitu kinachochinjwa. Wakampa Baba fimbo. Griffin akasimama nyuma yake, mikono yake chini ya mikono ya Baba, kijana mmoja anazungusha. Fimbo ilipinda nikadhani itakatika na Baba atakatika nayo. Kapteni anaelekeza, Griffin anatapika pembeni bila kuachia, Shangazi anapiga kelele "Shika, Samuel! Shika!" Na Baba alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka tangu niolewe. Sauti haitoki, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Akanigeukia, midomo yake ikasema, "Ana nguvu huyu." Halafu akasema, "Ndiyo maana."

Tukamwona akija. Alikuwa mkubwa, ubavu unang'aa kama bati jipya, na yale mapezi ya njano. Baba alimwona, kaka, wa kwako, akiwa mzima, akiwa hai. Naomba ulishike hilo.

Halafu maji yakatikisika na fimbo ikanyooka. Wepesi tu. Kapteni alisema neno moja, "Papa."

Walipovuta kilichobaki kilikuwa kichwa. Kichwa na kipande cha shingo, kimekatwa kama kwa shoka. Wakakiweka miguuni pa Baba. Jicho lile la duara lilikuwa linamwangalia na yeye analiangalia. Akainama, mkanda ukamzuia, Griffin akamfungua. Akaweka kiganja chake juu ya kile kichwa, kama anavyomwekea Wakio akiwa na homa.

Shangazi alianza kulia. "Ni ndizi zangu. Nimemharibia ndugu yangu kwa ndizi zangu." Alilia vibaya. Kapteni Mbwana akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama, papa hali ndizi. Nyamaza." Lakini nilimwona baadaye akiokota yale maganda moja moja, akiyatupa mbali sana.

Kwa desturi ya boti samaki hubaki wa boti, mgeni akapewa kipande. Siku hiyo Kapteni alisema kichwa ni cha mzee, kiende Mwatate. Wakakitia barafu kwenye kasha. Kaka, nilipoona lile kasha jeupe nikageuza uso.

Nyumbani Mama hakuwa na chombo cha kukitosha. Ilibidi twende kwa kina mama wa kanisa tukaazime sufuria kubwa, ile ya kupikia matangani. Aliyetupa alituuliza kwa woga, "Kwani imekuwa?" Nikamwambia bado, tunapika samaki. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Mama alikichemsha na ndimu, nyanya na tangawizi. Hajawahi kupika samaki mkubwa kuliko dagaa, lakini uani palinukia vizuri. Mbwa walikuja wakalala mlangoni, na Baba akasema wafukuzwe. Akakataa kabisa wapewe hata mfupa.

Tulichuja mchuzi kwa kitambaa mpaka ukawa maji matupu. Akakaa kitandani, tukamwekea mito. Mama akampa kijiko. Kaka, nilikuwa nimeomba. Siku nzima nilikuwa nimemwambia Mungu, sikuombi apone, najua, nakuomba ameze hiki tu. Kijiko kimoja.

Haukupita. Tuliona koo likijaribu, likijaribu tena, macho yakamjaa machozi kwa nguvu. Mama akaleta beseni ateme. Baba akalisukuma beseni. Akaniashiria nifungue mlango. Nikafungua. Akanyoosha mkono tumsimamishe, tukamsimamisha, mashavu yamejaa mchuzi ule, akageukia upande wa chini, upande wa bahari, akaupuliza nje kwa nguvu zote zilizobaki, ukatawanyika mlangoni kama manyunyu.

Akatasa, kaka. Baba yetu, mzee wa kanisa, aliyetukataza hata kutaja mambo hayo. Unakumbuka Babu akijaza mdomo pombe ya miwa, akiipuliza ili hasira aliyo nayo kwa mtu wake imtoke isimdhuru mwenziwe? Hivyo hivyo. Alifanya kama mtu ambaye hajawahi kusahau. Na alisema, sote tulisikia, sauti ilitoka: "Donald mwanangu, nilichokuwa nacho juu yako kimetoka. Kama ni mimi niliyekuzuia kurudi, sikuzuii. Uwe mzima. Ulale. Samaki wako nimemjua."

Nilidhani Mama atakasirika. Alikwenda akasimama karibu naye, akamfuta kidevu kwa upindo wa leso yake, akasema, "Na iwe hivyo."

Hayo ni ya majuma machache yaliyopita. Sasa nikwambie ya leo, sitakudanganya. Ndizi nayo imekataa. Tunamlowesha midomo kwa pamba. Analala mchana kutwa. Akiamka anatazama mlango, halafu ananitazama mimi, na mimi nasema, "Bado, Baba," naye anafumba macho. Wakio bado anagonga mlango na ile fimbo lakini Baba hashtuki tena.

Barua hii nampa Kapteni Mbwana. Ndiye aliyetuambia uko Ushelisheli, na anaye mtu wake anayeingia huko, atakutafuta bandarini. Nambari yako ya zamani haipatikani na mwenye kuijua mpya hatumjui. Huenda meli yenu iko nje na hamtarudi mpaka mwezi mwingine. Najua hesabu hiyo. Nimeifanya usiku na mchana na haifiki. Sikuiti uje mbio, kaka. Nafikiri hata ukiruka leo utakuta sufuria ile imeazimwa tena.

Lakini nakuomba kitu kimoja kisichohitaji ndege wala ruhusa ya mkubwa wako. Babu alikuwa akisema mmoja akitema na mwenzake akabaki nayo kifuani, kazi ni nusu. Baba ametema ya kwake. Na wewe, kaka, ulikuwa na haki ya kukasirika, hakuna hapa anayesema hukuwa nayo. Hata mimi nilikaa na ile Krismasi miaka mingi. Siku utakayoisoma hii, iwe Baba yupo au hayupo, chota maji. Hata ya bomba, hata ya bahari yenyewe. Jaza mdomo, geukia upande wa nyumbani, uyateme, umtaje kwa jina. Wewe unameza vizuri, kwa hiyo najua itakuwa vigumu kwako kutema kuliko ilivyokuwa kwake. Jaribu tu.

Mimi bado natumaini, hata kama sijui natumaini nini hasa. Labda tu kwamba yatatoka kwako pia, na Wakio akikua nimwambie mjomba wake hana kitu na sisi.

Mama anakusalimu, anasema ukiwa na nguo ya baridi uivae. Griffin anakusalimu, anasema mwambie jodari alikuwa mkubwa, mwambie mimi ndiye niliyeshika. Shangazi Alice anakusalimu na anauliza kama huko nako ndizi hazipandi. Kapteni utamsikia kwa mtu wake. Wakio hajui kusalimu, amekanyaga karatasi hii kwenye kona, ile alama ni ya kidole chake cha mguu.

Baba hakutuma salamu kupitia kwangu. Za kwake zilishapita mlangoni, usiku mmoja utazisikia huko majini.

Mungu akulinde juu ya maji hayo meusi, akupe siku ya kushuka salama, na ukishuka akuonyeshe njia ya kupanda huku kwetu.

Mimi ninayekupenda na sijaacha,
mdogo wako,
Wakesho, Mama Wakio.